Jasho na Ujira Katika Kisiwa cha Pemba

Swali la kazi ipi iliyo na taabu kubwa kuliko zote na ujira mdogo kuliko zote ni la kale, na watu wamelijibu kwa namna nyingi kadiri macho yao yalivyoona na mikono yao ilivyoonja. Lakini aghalabu majibu hayo hukomea penye taabu peke yake, yakahesabu uzito wa mzigo, ukali wa jua na urefu wa mti, yasiulize kwa nini taabu moja hulipwa vyema, na nyingine iliyo sawa nayo, au inayoipita, hulipwa kidogo hata mtu akaona haya kuutaja ujira wake mbele ya wenziwe. Katika kisiwa cha Pemba, ambacho Waarabu wa zamani walikiita Kisiwa cha Kijani kwa neema ya ardhi yake, na ambacho katika sensa ya 2022 kilihesabiwa kuwa na watu wapatao 543,000, swali hili laweza kuchunguzwa vizuri kuliko mahali pengi, kwa kuwa humo, katika masafa ambayo gari huyamaliza kwa saa chache, mna mchumaji aliye juu ya mkarafuu, mvuvi aliye katika kina cha mkondo, mwanamke aliyezama kiunoni katika shamba lake la mwani, mwingine aliyeketi juani akigonga kokoto, na nyumba ambazo mabinti zake wamesafiri kwenda kutumika Uarabuni. Wote hawa huchoka. Lakini hawachoki kwa bei moja.

Mwanachuoni wa Kiskochi, Adam Smith, katika kitabu chake cha 1776 juu ya utajiri wa mataifa, alitoa hoja kwamba kazi ngumu, chafu au ya kuchukiza sharuti ilipwe zaidi kuliko kazi nyepesi na safi, kwa sababu lau haikulipwa zaidi watu wangeliiacha na kuikimbilia nyepesi, hata uhaba wa wafanyaji ukaupandisha ujira wake. Hoja hiyo ni ya akili, wala hatuna haja ya kuikanusha, maadamu sharti alilolitia mwenyewe limetimia: kwamba kila mtu awe huru kuichagua kazi aitakayo na kuiacha asiyoitaka. Penye sharti hilo, taabu hulipwa. Pasipo sharti hilo, taabu haina mtetezi, na huweza kukua mwaka hata mwaka bila ya ujira kuongezeka hata kidogo. Kwa hiyo nia ya makala haya ni kuonesha, kwa kuzipitia kazi za Pemba moja baada ya moja, kwamba ujira hauufuati ugumu wa kazi, bali huufuata uwezo wa mfanyaji wa kukataa. Na kwamba anayetaka kujua ni nani anayedhulumiwa zaidi katika kisiwa hiki asitazame kwanza ni nani anayetoka jasho jingi, atazame ni nani asiyeweza kusema "sitaki" na bado akapata chakula cha usiku.

Ili tusipime kwa kubahatisha, tuchukue kiasi kimoja kiwe mizani yetu. Mwaka 2022 kima cha chini cha mshahara wa mtumishi wa Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar kilipandishwa kutoka shilingi 300,000 hadi shilingi 347,000 kwa mwezi. Kiasi hicho si utajiri, na mwenye watoto watano anajua kinavyokwisha kabla ya mwezi kwisha. Lakini kina sifa ambazo kazi nyingi tutakazozitaja hazina: kinajulikana kabla ya kazi kufanywa, hakipungui mvua inaponyesha, na mwenye kukipokea akiugua hafungiwi mlango wa riziki siku ile ile. Juu ya kiasi hicho tuongeze vipimo vitatu, navyo ni nguvu itumikayo, hatari inayoukabili mwili, na muda unaoliwa na kazi, ukiwamo ule ambao hakuna anayeuhesabu.

Tuanze na karafuu, kwa kuwa historia ya ujira katika Pemba ni historia ya karafuu. Mikarafuu ililetwa Unguja mwanzoni mwa karne ya 19, na Sayyid Said bin Sultan akahimiza ienezwe katika visiwa vyote viwili. Dhoruba kuu ya 1872 ikaiangusha sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja na kuisaza ya Pemba, na tangu hapo Pemba ikawa ndiyo shamba na Unguja ikawa ndiyo ghala na soko. Kazi ya mashamba hayo ilifanywa na watumwa. Hata hivyo desturi ya mashamba iliwaachia siku mbili za juma, Alkhamisi na Ijumaa, walime vikonde vyao, na msimu wa mavuno ulipofika, karafuu zikawa tayari zote kwa pamoja, mwenye shamba aliyewahitaji katika siku hizo mbili alikuwa akiwalipa. Hapa pana funzo kubwa: mtu yule yule, mti ule ule na mikono ile ile, siku ya Jumatano havikuwa na bei, na siku ya Alkhamisi vilikuwa nayo, kwa sababu Alkhamisi mtu huyo aliweza kukataa. Utumwa ulipofutwa kisheria mwaka 1897 kwa amri ya Sayyid Hamoud bin Mohammed, siku zote za juma zikawa na sifa ya Alkhamisi, na wenye mashamba wakalazimika kutafuta wachumaji wa ujira kutoka Unguja na bara, wakawalipa kwa kipimo cha karafuu walizozichuma.

Kazi yenyewe haijabadilika sana. Mchumaji huingia shambani umande ukiwa haujakauka, kamba begani na kikapu au polo kiunoni, na mkononi upembo wa kuyavutia matawi yaliyo mbali. Mkarafuu mkubwa hupita mita 10 na huweza kufika 15, na mti wake una hila moja ambayo kila mtoto wa Pemba huijua: tawi lake ni gumu kwa kulitazama na jepesi kuvunjika kwa kulikanyaga, likikatika ghafla bila ya kulia kwanza. Kwa hiyo mchumaji hulifunga tawi kwa kamba kwenye shina au tawi la juu kabla ya kulikanyaga, kisha hujinyoosha hadi kwenye ncha, kwa kuwa karafuu hutoka kwenye ncha tu, akakwanyua vishada bila ya kuyavunja machipukizi ya mwaka ujao. Jioni mavuno hurudi nyumbani, na usiku watu wa nyumba nzima, akina mama, wazee na watoto, hukaa kuchambua, karafuu upande huu na makonyo upande ule, vidole vikawa vyeusi kwa utomvu na macho yakiwasha. Asubuhi huanikwa juu ya majamvi, na kwa siku nne au tano mtu mmoja hana kazi ila kuzigeuza na kulitazama wingu, kwa maana karafuu zilizonyeshewa kabla ya kukauka huharibika rangi na bei. Katika kilo tatu hivi za karafuu mbichi hubaki takriban kilo moja kavu.

Kwa nguvu na kwa hatari, sioni kazi ya nchi kavu katika kisiwa hiki inayoipita hii. Kila msimu wako wanaoanguka. Wako wanaovunjika viuno wakabaki vitandani, na wako wasiofika hospitali. Na bado mchumaji wa karafuu si yeye anayelipwa vibaya kuliko wote, na sababu yake ni ile ile ya Alkhamisi. Karafuu haingoji. Tumba lililoiva lisipochumwa katika siku zake hufunguka likawa ua, na ua halina soko. Kwa hiyo katika mwaka wa neema, mikarafuu inapozaa yote kwa pamoja, mwenye shamba ndiye anayemtafuta mchumaji, ndiye anayepandisha bei ya pishi, na ndiye anayempikia chakula asije akahamia shamba la jirani. Uwezo wa kukataa umo mikononi mwa mchumaji kwa miezi michache. Msimu ukipita, nao hupita. Na kwa kuwa mikarafuu huzaa sana baada ya miaka kadhaa na kupumzika katikati, mtu hawezi kuijenga nyumba ya maisha yake juu ya ujira huo peke yake.

Mwenye karafuu naye ameonja upande wa pili wa kanuni hii. Tangu Shirika la Biashara la Taifa la Zanzibar lilipoundwa mwaka 1968 likawa ndilo mnunuzi pekee wa karafuu, mkulima hakuwa na mwingine wa kumwendea, na katika miaka ambayo bei ya dunia ilipanda, iliyomfikia yeye ilikuwa sehemu ndogo tu. Kisha Indonesia, iliyokuwa mnunuzi mkubwa wa karafuu kwa ajili ya sigara zake za kreteki, ilipojitosheleza kwa mikarafuu yake, bei ya dunia nayo ikaanguka. Mkulima alikataa kwa njia pekee aliyoipata, nayo ni magendo: ngarawa za usiku kwenda Mombasa na Tanga, pamoja na hatari ya mahakama na ya bahari. Serikali ilipoazimia mwaka 2011 kumpa mkulima asilimia 80 ya bei ya soko la dunia, na bei ya kilo ikapanda kwa kishindo, magendo yalipungua na karafuu zikarudi vituoni. Amri zote za miaka iliyotangulia hazikufanya lililofanywa na bei ya insafu. Hali kadhalika umewekwa utaratibu wa kuwalipa fidia wanaoanguka katika mikarafuu, jambo la kheri ambalo tutalirejea.

Kutoka shambani tushuke baharini. Mvuvi wa Pemba, na hasa wa Kojani, kisiwa kidogo cha upande wa mashariki ambacho watu wake wanajulikana kwa uvuvi kutoka Lamu hadi Mafia, hufanya kazi ambayo kwa hatari huikaribia ile ya mchumaji, na kwa muda huipita. Hulala baharini, hupiga mbizi kuwafukuza samaki wavuni, huvuta jarife lililolowa mikono ikachubuka kwa chumvi, na kusi ikipamba moto huhesabu siku za njaa zaidi ya siku za kuvua. Ujira wake ni mgao: hutolewa kwanza gharama za mafuta, barafu na chakula, kisha huhesabiwa mafungu ya chombo, ya mashine na ya nyavu, na kilichobaki hugawanywa kwa mabaharia. Mtu aweza kurudi na fungu zuri, na aweza kurudi na deni. Mgao huo una kasoro zake, kwa kuwa mwenye chombo hupata fungu hata akiwa amelala kwake. Lakini una jambo moja la haki, kwamba bahari inapotoa sana, baharia naye hupata zaidi, na bei ya samaki huamuliwa mnadani, mbele ya macho ya wote, na wanunuzi wengi wakishindana.

Tena mvuvi ana silaha ya kukataa ambayo ni ya kale kuliko serikali zote za mwambao, nayo ni dago. Maji ya kwao yakikosa samaki, au tajiri wa kwao akizidi kubana, hupakia nyavu na kwenda kukaa kambi Tanga, Pangani, Shimoni au Malindi, akarudi pepo zikigeuka. Thamani ya silaha hii twaijua zaidi kwa wale walioipoteza. Wapemba waliohamia mwambao wa Kenya, wengi wao wavuvi wa Kilifi na Kwale, walikaa miongo mingi bila ya vitambulisho. Na asiye na kitambulisho hapati leseni ya kuvua wala hesabu ya benki, hawezi kushitaki akidhulumiwa, na samaki wake huuzwa kwa jina la mtu mwingine kwa bei aitakayo mtu huyo. Mwaka 2023 serikali ya Kenya iliwatambua kuwa miongoni mwa makabila ya nchi na kuanza kuwapa uraia. Bahari haikupungua kina kwa kadi hiyo, wala nyavu hazikuwa nyepesi. Kilichobadilika ni kwamba mvuvi sasa anaweza kumwambia mnunuzi kuwa atauza kwingine.

Sasa tufike kwenye mwani, ambako sharuti tukae zaidi. Kilimo cha mwani kwa biashara kilianza katika visiwa vyetu mwaka 1989, kwa mbegu zilizotoka Ufilipino, baada ya utafiti ambao mwanasayansi wa Kitanzania, Profesa Keto Mshigeni, aliutangulia kwa miaka mingi. Kikaenea upesi Pemba, hata Pemba ikawa ndiyo itoayo mwani mwingi zaidi. Ndani ya mwani hutolewa utomvu wa kugandisha, ambao viwanda vya ng'ambo huutia katika maziwa ya barafu, dawa za meno na vipodozi. Wengi mno wa wakulima wake ni wanawake. Mwanzoni kazi hii ilikuwa rehema: mwanamke wa kijiji cha pwani, ambaye fedha zote zilikuwa zikimfikia kupitia mkono wa mwanamume, alipata zake mwenyewe, akanunua sare za skuli, akaezeka bati, akaweka akiba kwa jina lake. Asiyeukumbuka ukombozi huo hataielewa subira ya wanawake hawa katika miaka iliyofuata.

Tuitazame kazi kwa karibu. Bamvua ikifika, maji yakatoka mbali, mama huteremka pwani na vigingi, kamba na kapu la mbegu. Vigingi hupigwa katika mchanga, kamba huwambwa kati yake, na katika kila kamba hufungwa kwa vikamba viitwavyo taitai vishada vidogo vya mwani, kimoja kimoja, mgongo ukiwa umeinama na miguu majini, na jua likimpata mara mbili, kutoka juu na kutoka chini linakorudishwa na maji. Ratiba yake haipangwi na saa bali na mwezi: leo maji hutoka alfajiri, wiki nyingine adhuhuri, naye hufuata. Kila bamvua hurudi kuondoa takataka, kukaza kamba zilizolegea na kuokota vilivyong'oka. Na baada ya wiki sita hivi huvuna. Mwani uliolowa hauna huruma kwa mchukuzi wake; hujazwa magunia, ukakokotwa majini, ukapandishwa nchi kavu kichwani au kwa gari la ng'ombe, ukaanikwa siku kadhaa. Katika kilo saba hadi kumi za mwani mbichi hutoka kilo moja kavu. Huko majini pana miiba ya taa na pana kuwashwa kwa ngozi na macho. Na wengi wa wanawake hawa hawakufundishwa kuogelea.

Baada ya yote hayo huja bei. Aina iitwayo spinosamu, ambayo ndiyo hustahimili maji ya moto, kwa miaka mingi ilinunuliwa kwa shilingi mia chache kwa kilo. Aina ya pili, kotonii, ina bei nzuri zaidi, lakini bahari ilivyozidi kupata joto tangu mwanzo wa karne hii imekuwa ikinyauka na kufa katika maji ya kina kifupi ambamo wanawake huweza kulima. Tuseme kwa mfano kwamba kilo ni shilingi 500. Ili mama huyu ayafikie yale mapato ya 347,000 kwa mwezi, atahitaji kuuza kilo 694 kavu, nazo, hata tukizihesabia kilo saba tu za mbichi kwa moja, ni karibu tani tano za mwani uliolowa, atakazozifunga kwa vidole, kuzivuna, kuzitoa baharini na kuzianika ndani ya mwezi mmoja. Hakuna mwili wa mwanadamu uwezao kazi hiyo. Wahenga walisema kwamba mgaagaa na upwa hali wali mkavu, na kweli katika kuokota na kuvua kwa siku za zamani mtu hakukosa kitoweo. Lakini wahenga hawakuijua pwani ambayo mavuno yake huliwa ng'ambo na bei yake huamuliwa huko huko.

Na kwa nini asikatae? Kwa kuwa kila mlango wa kukataa umefungwa. Kampuni zilizoleta kilimo hiki ziliwapa wakulima kamba, taitai na mbegu, na aliyepokea akawa na wajibu wa kumuuzia aliyempa. Mnunuzi kijijini huwa mmoja au wawili. Mwani hauliwi nyumbani wala hauuzwi sokoni Wete. Kukaa nao bila ya ghala kavu ni kuutia unyevu na kuushusha daraja. Na mwanamke hawezi kwenda dago, kwa kuwa watoto, mgonjwa na shamba la muhogo vyamngoja nyumbani. Karafuu humpa nguvu mchumaji kwa sababu mwenye kuogopa kuharibikiwa ni tajiri. Mwani humnyang'anya mkulima nguvu kwa sababu mwenye kuogopa kuharibikiwa ni yeye. Hii ndiyo sababu kuanzishwa kwa kampuni ya serikali ya mwani na kujengwa kwa kiwanda huko Chamanangwe kunastahili kutazamwa kwa matumaini na kwa macho makali pia: mnunuzi wa ziada ni mlango wa kukataa, bali mnunuzi mmoja aliyebadilishwa na mnunuzi mwingine mmoja si mlango, kama mikarafuu ilivyokwisha kutufundisha.

Yuko aliye chini zaidi. Katika wilaya ya Micheweni, kaskazini mashariki ya kisiwa, ambako rutuba ya magharibi hukoma na nchi ikawa ya mawe ya matumbawe, ambamo udongo ni wa kukusanya mashimoni, wako watu, na wanawake ni wengi miongoni mwao, ambao riziki yao ni kugonga kokoto. Jiwe hung'olewa kwa mtaimbo, hupasuliwa kwa nyundo kubwa, kisha mwanamke hulikalia chini ya banda la makuti, mguu mmoja kauzungusha kulizuia lisiruke, akaligonga kwa nyundo ndogo hadi likawa vipande vya kutiwa katika zege. Vumbi jeupe humwingia kifuani, vipande humrukia machoni, na vidole hujeruhiwa mahali pale pale palipojeruhiwa jana. Huuza kwa ndoo na kwa gari, naye halipwi kwa siku bali siku gari litakapokuja, na gari laweza kukawia wiki nyingi rundo lake likingoja. Jiwe haliozi, kwa hiyo kwa nadharia angeliweza kungoja bei nzuri. Lakini njaa haingoji, na mwenye gari hulijua hilo. Wala kazi hii haihitaji mbegu, mtaji au ujuzi, kwa hiyo kila aliyefilisika kwa mvua mbaya au kwa mwani uliokufa hukimbilia humo, na kila anayeongezeka hushusha bei ya aliyetangulia. Hapa ndipo hoja ya Adam Smith inapopinduka kabisa: kazi hii haina watu wachache kwa kuwa ni mbaya, bali ina watu wengi kwa kuwa ndiyo iliyobaki.

Tusiisahau kazi ifanywayo mbali kwa jina la Pemba. Wako mabinti na akina mama wanaosafiri kwenda kutumika majumbani Oman na nchi nyingine za Ghuba, ambako undugu wa damu na wa lugha ni wa karne nyingi. Mshahara wa huko, ukibadilishwa kwa shilingi, aghalabu hushinda wa mwani na wa kokoto, na nyumba nyingi za vijijini zimejengwa kwa fedha hizo. Wala si haki kuwahesabu waajiri wote kuwa madhalimu. Lakini ripoti ya shirika la Human Rights Watch ya mwaka 2017 juu ya watumishi wa nyumbani wa Kitanzania huko Oman na Falme za Kiarabu ilieleza habari za wanawake waliofanya kazi kwa saa 15 na zaidi kwa siku, bila ya siku ya kupumzika, pasi zao za kusafiria zikiwa mikononi mwa mwajiri, chini ya utaratibu wa kafala ambao humfunga mtumishi kwa mwajiri mmoja. Pasi ya kusafiria haichukuliwi kwa sababu ya thamani ya karatasi. Huchukuliwa kwa sababu ndiyo uwezo wa kuondoka. Mshahara uliokuwa mwema kwa saa nane huwa mbaya kwa saa 18, na aliyenyimwa kuondoka hana wa kumlipa zile saa 10 za ziada.

Na chini ya kazi zote hizi ipo kazi isiyo na ujira hata wa kulalamikiwa: mpunga wa mabondeni ambao wanawake huupalilia wakiwa matopeni, maji na kuni vinavyotafutwa kabla ya jua kutoka, karafuu zinazochambuliwa usiku na mikono ya wale ambao majina yao hayamo katika risiti ya kituo cha kuuzia. Tunapomhesabia mkulima wa mwani saa zake za majini, sharuti tuzihesabu na hizi, kwa maana ni mtu yule yule na mwili ule ule. Na ujira mdogo uliogawanywa kwa siku ndefu huzidi kuwa mdogo.

Kwa hiyo hukumu yangu ni hii. Kwa hatari, mchumaji wa karafuu na mvuvi ni wa mbele. Kwa ujira ukilinganishwa na taabu, wa mwisho kabisa ni mgonga kokoto, baada yake ni mkulima wa mwani, kisha mtumishi wa nyumbani aliyenyimwa pasi yake. Na mchumaji na mvuvi, ingawa ndio wanaokufa, wamesimama juu yao kwa kuwa wana mahali au wakati wa kukataa. Iko methali isemayo kwamba kazi mbaya si mchezo mwema, na hutumiwa mara nyingi kuwanyamazisha wanaolalamika. Maana yake ni njema ikisemwa kwa mvivu. Haikuwekwa ili tajiri amwambie mchovu. Na dini yetu, iliyotuamuru kumlipa mwajiriwa kabla ya jasho lake kukauka, haikumruhusu mtu kulipa kwa methali.

Tiba nayo hufuata utambuzi wa maradhi. Ikiwa ugonjwa ni kukosa uwezo wa kukataa, basi dawa haiwi kuwasifu wanawake kwa subira yao, bali ni kuwajengea mambo ambayo mwenye nayo anaweza kungoja: ghala kavu la pamoja katika kila kijiji cha mwani, mizani iliyokaguliwa na kuonekana na wote, wanunuzi zaidi ya mmoja, mashua na mafunzo ya kuogelea ili kotonii ilimwe katika maji ya kina, ushirika wa wagonga kokoto wenye akiba ya kuwalisha wanachama rundo linapongoja, na bei moja ya ndoo ambayo hakuna atakayeuza chini yake, na kwa wanaosafiri, mkataba uliosomwa kwa Kiswahili kabla ya kuondoka na ubalozi unaoyapokea malalamiko kabla hayajawa msiba. Hakuna hata moja kati ya haya lililo geni au lisilowezekana. Kisiwa hiki kimekwisha kuamua kwamba aangukaye katika mkarafuu alipwe fidia, na katika uamuzi huo kimekiri asili ya haki yote tunayoidai: kwamba madhara ya kazi inayolisha taifa si deni la mfanyaji peke yake. Ukiri huo ulifanywa kwa ajili ya karafuu kwa sababu karafuu huleta fedha za kigeni na mwenye kuichuma huweza kushuka mtini akaenda zake. Haki ya kweli itajulikana pale ukiri huo utakapofanywa pia kwa ajili ya wasioweza kwenda popote, wa pwani na wa Micheweni, kwa hoja moja tu, kwamba wamefanya kazi.